Gramafoni ya Zamani Isiue Santuri



Katika nyumba nyingi za wazee wetu, mjini na kwenye makambi ya mashamba, bado kuna masanduku ya gramafoni. Mengine yamegeuzwa meza ya kuwekea birika. Mengine yako darini pamoja na santuri zilizofungwa katika gunia. Siku hizi vijana wanayateremsha, wanayapangusa vumbi, wanazungusha mpini na kuweka santuri yoyote waliyoipata. Wakisikia mlio wa kukwaruza wanacheka, wanasema mambo ya kale ndivyo yalivyokuwa. Hawajui kwamba huo ni mlio wa santuri inayokufa.

Makala hii inaeleza jinsi mashine ya zamani inavyoweza kufanywa icheze santuri za kawaida, bila kuharibu mashine wala santuri. Tumeiandika kwa sababu kazi ya namna hiyo ilifanywa hapa Mbuya, Kampala, na mikono ya wafanyakazi wa kawaida wa viwandani. Tulijifunza mambo yatakayowafaa pia wenzetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na wenzetu wa majani ya chai. Neno letu ni moja: mashine ndiyo ibadilishwe ili iifuate santuri, wala santuri isilazimishwe kuifuata mashine. Na chochote utakachokifunga, kiwe ni kitu kinachoweza kufunguliwa tena.

KILA KAMPUNI NA KUFULI LAKE

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza fonografu ya kwanza. Sauti iliandikwa juu ya karatasi ya bati iliyozungushwa kwenye mche wa mviringo. Mwaka 1887 Emile Berliner naye akaleta njia yake, ambayo ndiyo iliyozaa gramafoni na santuri bapa kama sahani.

Watu hawa wawili hawakutofautiana katika umbo tu. Sindano ya Edison ilipanda na kushuka ndani ya mfereji wa sauti, kama baiskeli inayopita kwenye barabara ya matuta. Sindano ya Berliner ilikwenda kushoto na kulia, kama nyoka anavyotambaa. Hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya matuta haisikii vizuri njia ya nyoka, na ya njia ya nyoka haisikii matuta.

Kampuni ya Victor ya Marekani na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe, zilishika njia ya nyoka. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilishika njia ya matuta. Edison alipoanza kuuza santuri bapa mwaka 1912, naye alibaki na matuta yake. Basi mtu aliyenunua mashine ya Edison alilazimika kununua santuri za Edison. Akimtamani mwimbaji aliyerekodiwa na Victor, ilimbidi anunue sanduku la pili. Sheria za hakimiliki za uvumbuzi nazo zililinda kuta hizo, mpaka mahakama za Marekani zilipozilegeza katika vita vya kampuni dhidi ya kampuni.

Nani aliyeleta nafuu? Kwa sehemu kubwa ni karakana ndogo. Zilitengeneza vipande vya shaba, vinavyoitwa adapta, vya kuunganisha kichwa cha namna moja na mashine ya namna nyingine. Kampuni ya Brunswick ilikwenda mbali zaidi. Iliuza mashine yenye kichwa cha kugeuza kiitwacho Ultona, ambacho kiliweza kucheza santuri za Edison, za Pathé na za kawaida. Mwisho wa habari mnaujua. Njia ya nyoka ilishinda dunia nzima, na mwaka 1929 Edison aliacha kutengeneza santuri. Mashine zake zikabaki yatima.

Mambo haya si ya kale tu. Kila mmoja wetu amewahi kukosa chaja ya simu kwa sababu tundu ni la kampuni nyingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja. Kwa hiyo ugomvi wa santuri na ugomvi wa chaja ni ugomvi mmoja: mwenye kuuza anataka kufuli, na mwenye kununua kwa mshahara mdogo anataka mlango.

SAUTI ZILIZOMO NDANI YA SANTURI

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tujisumbue? Nyimbo si zimejaa kwenye simu? Tunajibu kwamba si zote.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, akarekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa mtoto wa watu maskini, na santuri zilipeleka sauti yake mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Huko Kenya, mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, karibu na mashamba ya chai ya Kericho. Wimbo wao ulimtaja kiumbe aliyeitwa Chemirocha. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye watu wa huko walimsikia kwenye gramafoni. Tazameni jinsi sanduku la kuzungusha kwa mkono lilivyofika mbali.

Hapa Uganda Tracey alirekodi muziki wa ikulu ya Buganda mwaka 1950 na 1952. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda tangu 1948 mpaka 1957, naye alirekodi sehemu nyingi za nchi. Mwezi Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo. Wapiga ngoma na wapiga amadinda wa Kabaka wakatawanyika, na ngoma nyingi zikaharibika. Baada ya hapo, mwenye kutaka kujua jinsi muziki ule ulivyopigwa ikulu alibaki na walimu wachache, pamoja na sauti zilizorekodiwa.

Hizo ni rekodi zilizotunzwa na wasomi. Lakini zipo nyingine nyingi zilizofanywa kwa biashara katika miaka ya 1930, 1940 na 1950. Zilinunuliwa na watu wa mshahara, wakazibeba kwenye baiskeli mpaka kijijini. Huenda nakala iliyomo chini ya kitanda cha mama yako ni miongoni mwa nakala chache zilizobaki. Ukiikwangua, umeifuta.

ITAMBUE SANTURI KWANZA

Kabla ya kugusa mashine, tambua santuri uliyonayo. Ziko za namna tatu kubwa.

Ya kwanza ni santuri ya matuta. Ya Edison ni nene, kiasi cha milimita 6, na ni nzito mkononi. Huzunguka mara 80 kwa dakika, na huchezwa kwa kijiwe cha almasi. Santuri za matuta za Pathé zilichezwa kwa kijiwe cha yakuti chenye umbo la tufe. Baadhi ya zile za zamani zaidi huanzia katikati kwenda nje. Usiziwekee kamwe sindano ya chuma, maana inazichimba.

Ya pili ndiyo santuri ya kawaida ya zamani, ya mwendo wa 78 kwa dakika. Ni ngumu, na ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Imetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi mitini huko India, ndugu wa ile lakiri ya kufungia barua za serikali, ukachanganywa na unga wa mawe. Unga huo unainoa sindano ya chuma mpaka iukae vizuri mfereji. Kwa hiyo sindano ndiyo inayotakiwa kulika, si santuri.

Ya tatu ni santuri ya plastiki. Za mwendo wa 33 zilitoka Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za 45 zilitoka mwaka 1949. Ni nyepesi, na ukizikunja kidogo zinakubali. Mfereji wake ni mwembamba sana. Ncha ya sindano yake ni kama theluthi moja ya upana wa ncha ya santuri ya 78.

Angalizo: si kila santuri iliyoandikwa 78 ni ya lakiri. Zipo chache za plastiki. Ikiwa inapinda kidogo mkononi, ihesabu kuwa ya plastiki.

SANDUKU LA MBUYA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mzee mmoja mstaafu anayeishi upande wa Kinawataka, chini ya kilima cha Mbuya, alikuwa na sanduku refu la mbao lililoandikwa jina la Edison. Alilipata mwaka 1972 kwa mwajiri wake, mfanyabiashara wa Kihindi aliyelazimika kuondoka nchini kama wenzake wengi. Santuri za sanduku hilo zilikwisha kupotea. Alikuwa pia na santuri moja ya 78 ya Kiluganda aliyoachiwa na mama yake. Ndani yake anaimba mjomba wake, aliyefariki zamani.

Kwa miaka zaidi ya 50 sanduku na santuri vilikaa katika chumba kimoja, na havikuweza kusemezana. Mashine ilikuwa ya matuta na santuri ilikuwa ya njia ya nyoka. Mzee alikuwa amekwisha pewa mashauri mawili. Muuza vitu vya zamani alimwambia aiweke santuri chini ya almasi hivyohivyo, itacheza. Mwingine alitaka kutoboa pembe ya mashine na kufunga mkono mpya kwa skrubu. Shauri la kwanza lingeua santuri, kwa kuwa kichwa cha Edison ni kizito na almasi yake haiyumbi kushoto na kulia. Ingeukata ukuta wa mfereji kama jembe. Shauri la pili lingeua mashine.

Wenzetu watatu wa viwanda vya upande wa Nakawa walikubali kusaidia jioni baada ya kazi. Mmoja ni mkereza vyuma, mmoja ni fundi umeme, na mmoja ni dada anayetengeneza cherehani katika kiwanda cha nguo. Hawakuwahi kufungua gramafoni. Lakini springi ni springi na gia ni gia.

Jambo la kwanza waliloamua ni kutengeneza nakala kabla ya yote. Waliazima redio-gramu ya umeme ya zamani, ambayo kichwa chake kina sindano mbili, moja ya plastiki na moja ya 78. Waliifuta santuri vumbi kwa kitambaa laini kikavu, wakaicheza mara moja tu kwa sindano ya 78, na sauti ikachukuliwa kwenye simu mbili. Mzee alisikiliza, akanyamaza. Kisha akasema: "Asanteni, wanangu. Lakini hiyo ni simu. Mimi nataka sanduku langu liseme."

Basi kazi ikaanza.

KAZI ILIVYOFANYWA

1. Kichwa cha almasi kilitolewa kwa kufungua kifungio chake, kikafungwa kwenye kitambaa na kutiwa katika mkebe ulioandikwa jina. Ni mali. Kesho ikipatikana santuri ya Edison, kitarudi mahali pake.

2. Ilitafutwa gramafoni mbovu ya mkononi ya kawaida, ambayo sanduku lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Kichwa chake cha sauti kilikuwa kizima. Kichwa hicho ni kama kikopo bapa cha duara, na ndani yake mna kiwambo chembamba kinachotetemeka.

3. Hapa ndipo penye akili yote. Katika mashine ya Edison kiwambo kimelala, kimetazamana na santuri, ili kisukumwe juu na chini. Kwa santuri ya kawaida kiwambo kinatakiwa kisimame wima, ubavu wake ukifuata mwendo wa mfereji, ili kisukumwe kushoto na kulia. Kwa maneno mengine, kichwa kinageuzwa robo duara. Mkereza vyuma alitengeneza kiwiko cha bomba la shaba. Upande mmoja unaingia kwenye shingo ya pembe na kushikwa na kifungio kilekile cha zamani. Upande wa pili unapinda kando na kukishika kichwa kipya. Hakuna tundu lililotobolewa.

4. Kimo kilipimwa upya. Santuri ya Edison ina unene wa milimita 6 na ya kawaida haifiki nusu yake, basi kiwiko kilishushwa mpaka sindano iifikie santuri ikiwa imeinama vizuri, kiasi cha nyuzi 60.

5. Ilibaki shida moja kubwa. Katika gramafoni ya kawaida mfereji wenyewe ndio unaovuta mkono. Katika mashine ya Edison ni gia inayousukuma mkono kuelekea katikati, kwa hesabu ya mifereji 150 kwa kila inchi. Santuri ya kawaida ina kiasi cha 100 tu kwa inchi, kwa hiyo sindano yake hukimbilia katikati upesi kuliko gia. Ukikifunga kichwa kikakaza, gia itakivuta nyuma, na sindano itakwaruza ukuta wa mfereji mpaka mwisho wa wimbo. Dawa yake ni kiungo kinachocheza kama shingo. Kiwiko kilifanywa cha vipande viwili, kimoja kikizunguka ndani ya kingine, na grisi nzito ikapakwa kati yake ili sauti isivuje. Kichwa kikaweza kwenda kushoto na kulia, juu na chini, bila kuingojea gia. Sindano ikitangulia mbali, mkono unainuliwa na kusogezwa.

6. Mpira ulioshika kiwambo ulikuwa umekauka kama ukucha. Mpira ukiwa mgumu sauti inakuwa kali, na santuri inalika. Walitoa huo wa zamani taratibu, wakatia mpira mwembamba laini, wa aina inayovalishwa valvu za zamani za baiskeli. Shilingi chache tu.

7. Mwendo ulipunguzwa kutoka 80 mpaka 78. Mashine ya Edison ina skrubu ya kuongeza na kupunguza mwendo. Kupima ni rahisi: weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa santuri, halafu hesabu kinapita mara ngapi. Mara 13 kwa sekunde 10 ndiyo 78. Hesabu sindano ikiwa juu ya santuri, maana uzito wake unapunguza mwendo.

Jaribio la kwanza halikufanywa kwa santuri ya mzee. Waliweka santuri chakavu isiyo na thamani, wakaicheza yote, kisha wakaiangalia kwenye jua. Mifereji ilikuwa haina unga mpya wa kijivu. Wakabadilisha sindano, wakafanya tena. Ndipo walipomwambia mzee alete yake. Sanduku la Edison likamwimbia mjomba wake mwanzo hadi mwisho, sauti ikivuma kama mtu aliye chumba cha pili. Sasa mzee huicheza santuri hiyo siku kubwa tu, maana ameelezwa kwamba kila mchezo unapunguza kidogo. Siku nyingine anasikiliza nakala.

MIKONO KWANZA

Sisi wa viwandani tunajua mashine ndogo nayo hukata kidole. Springi ya gramafoni imekaa ndani ya kopo lake ikiwa imebanwa kwa nguvu. Ukilifungua kopo bila maarifa, utepe huo wa chuma unaruka nje kama upanga. Umewahi kuumiza watu mikono na macho.

Kwanza, usifungue mota kabla springi haijalegea yote. Iache mashine izunguke mpaka isimame yenyewe. Pili, kopo la springi aliachie mwenye uzoefu, akiwa na glavu nene na miwani. Tatu, ukisikia mshindo tumboni mwa mashine inapocheza, mara nyingi ni grisi iliyoganda ndani ya kopo. Hilo ni la kusafishwa na kutiwa grisi mpya, si la kupigwa nyundo. Nne, usizungushe mpini mpaka ukaze kabisa. Ukisikia uzito, acha. Tano, vipande vya kijivu vya zinki vya mashine za zamani hupasuka kwa uzee. Usivikaze kwa nguvu.

SINDANO MOJA, UPANDE MMOJA

Kosa linaloua santuri nyingi ni ubahili wa sindano. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri. Ukimaliza upande huo, itoe na uitupe. Ikishalika, ncha yake inakuwa na makali kama patasi, na upande wa pili itautoboa. Sindano hizi bado zinatengenezwa na kuuzwa kwa vikopo. Watu kumi wakichanga, kikopo kimoja hakimlemei mtu. Msumari mdogo, pini ya nguo au mwiba wa chuma cha cherehani si sindano ya gramafoni.

SANTURI ZA PLASTIKI: HAPANA

Wengi wanauliza: je, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono inaweza kugeuzwa icheze santuri za bendi za miaka ya 1960 na 1970, zile za 45 na 33? Jibu letu ni hapana, hata fundi awe hodari namna gani. Kichwa cha gramafoni hukandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Kichwa cha umeme cha santuri za plastiki hukandamiza kwa gramu chache tu. Ukiiweka santuri ya plastiki chini ya sindano ya chuma, mchezo wa kwanza ndio wa mwisho. Unaona nyuzi nyeusi zikitoka kama nywele kwa kinyozi. Hizo nyuzi ndizo nyimbo.

Mwenye santuri za plastiki atafute mashine ya umeme. Na mwenye kutaka kucheza 78 kwenye mashine ya umeme ahakikishe mashine ina mwendo wa 78 na sindano pana ya 78. Sindano nyembamba inazama chini kabisa ya mfereji, kwenye uchafu, na huleta kelele tupu.

WANUNUZI WA MASANDUKU

Wapo watu wanaopita mitaani na mashambani kununua gramafoni kwa bei ya jiko la mkaa. Wengine wanazigeuza kabati za vinywaji. Ndugu, mali ni yako, una haki ya kuuza. Lakini uliza bei kwa watu zaidi ya mmoja, na usitupie santuri ndani kama nyongeza kabla ya kuchukua nakala. Jihadhari pia na gramafoni mpya zilizovikwa uzee, zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na alama ya mbwa iliyobandikwa juzi. Nyingi zimetengenezwa kwa vipande vya kuokoteza ili kupamba sebule. Mkono wake haukupimwa vizuri, na hula santuri.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza kila tawi lenye wazee wastaafu lifanye mambo manne. Waulizeni wazee kama wana santuri, mkaandike katika daftari majina ya waimbaji, lugha, na namba zilizo kwenye lebo. Waulizeni pia waimbaji hao walikuwa nani, maana mzee akiondoka, jina nalo linaondoka. Chukueni nakala kwa mashine ya umeme iliyo sahihi, na nakala moja ibaki kwa mwenye santuri. Mkipata rekodi isiyo ya kawaida, zungumzeni na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako kuna hifadhi ya muziki wa Uganda yenye jina la Wachsmann. Na mafundi wetu wakutane, wafundishane. Mkereza vyuma hawezi peke yake, fundi umeme hawezi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Matajiri wa kampuni za zamani walijenga kufuli katika mashine zao, wakadhani mnunuzi atafuata tu. Kiwiko kidogo cha shaba kilitosha kulifungua, na hata leo kinatosha. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Msala upitao ni simu, itabadilishwa mwaka kesho. Mbacha ni lile sanduku la babu. Mfuteni vumbi, mbadilishieni sindano, na mtoto wa kiwandani afundishwe kulisikiliza.